Serge Aliyevalishwa Koti

Mama yetu alikuwa anapoteza macho, na kabla hayajafunga kabisa alitaka kitu kimoja tu: kumwona Serge.

Serge ni mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Aliondoka kijijini kwetu Wamaza akiwa bado hajaota ndevu, akaenda kuchimba dhahabu huko Lusangi, na tangu hapo tumekuwa tukimjua kwa simu tu. Mimi ni Ernestine, dada yake mkubwa, niliyebaki na mama, na mashamba, na mdomo wangu. Wamaza nzima itakuambia kwamba nina ulimi mkali. Ni kweli, wala sitaulainisha leo.

Serge alikuwa mvivu wa kutuma picha. Baada ya kumsumbua sana alinitumia moja. Kwetu mtandao unashika juu ya kilima nyuma ya kanisa, kwa hiyo niliipokelea huko, nikateremka mbio na simu mkononi. Mama aliishika, akaisogeza mpaka ikagusa pua. Kioo cha simu yangu kimepasuka tangu mbuzi alipokikanyaga, na ule mwanga ulimchoma. Alifikicha macho, akajaribu tena, akasema anaona moto tu.

"Mumutoshe mule mu simu," aliniambia. "Mumuweke ku karatasi, mukubwa, kama mutu. Nimushike muzuri, nimuangalie."

Daktari aliyepita kituo cha afya alikuwa amekwisha kutuambia ukweli. Jicho la kushoto lilikuwa limekwenda, na la kulia lilibaki na upenyo mdogo ambao nao ulikuwa unaziba. Kupasuliwa kulikuwa mbali na sisi. Basi nilifunga madumu yangu ya mawese, nikapanda pikipiki kwenda Kasongo, na njia nzima sikuwa na wazo lingine ila picha hiyo.

Biro ya Pacifique, ofisi yake ya fotokopi na picha, iko karibu na soko. Ni chumba kimoja, jenereta inanguruma mlangoni, na meza imejaa karatasi hata huoni mbao. Pacifique ni kijana mwenye majivuno ya mtu aliyepata kitu ambacho jirani zake hawana. Siku hizo kitu chenyewe kilikuwa mashine mpya ya kuchapisha, inayopokea picha kutoka kwenye simu bila waya.

"Mama, usinipatie simu," alisema, mikono ameiweka nyuma kama mwalimu. "Bakia nayo. Finya tu pale, utaona foto inatokea huku."

Nikafinya. Hakikutoka kitu. Nikafinya tena, mashine ikakohoa, ikatema karatasi nyeupe. Nikamwuliza kama huyo ndiye mdogo wangu amepigwa picha gizani. Watu waliokuwa wakingoja fotokopi zao wakacheka. Pacifique alizima mashine, akaiwasha, akaniambia niisogelee, kisha nisimame kando kidogo, na mwishowe jina la mashine likatokea kwenye kioo changu kibovu. Serge akaanza kutoka polepole, nywele kwanza.

Alitoka vibaya. Pacifique alinieleza kwamba picha ikitumwa kama ujumbe hubanwa ili ipite upesi, na ukija kuitanua ijae karatasi nzima inakuwa chenga tupu. Ilifaa Serge aitume upya kwa njia ya nyaraka, ije ilivyo. Nilimpigia, hapatikani. Watu wa Lusangi ndivyo walivyo, ukiwahitaji tu, wako chini ya ardhi. Na picha yenyewe, sasa nilipoiona kubwa, ilinikera. Serge alikuwa kifua wazi, matope mpaka shingoni, taa imefungwa kichwani, nyuma yake mdomo wa shimo.

"Utamupelekea mama yako muzee mutu wa matope?" Pacifique aliuliza. "Acha nimuvalishe."

Biro zote za kwetu zina makoti ndani ya kompyuta, na mashati, na tai. Wanakata kichwa chako wanakipachika juu ya mabega ya mtu wasiyemjua. Anayeoa, anayemaliza shule, anayezikwa, wote huvaa koti lile lile. Serge akavalishwa koti jeusi. Shimo likafutwa, mahali pake pakawekwa anga lenye mawingu meupe. Pacifique alimlainisha uso ili zile chenga zisionekane, na katika kulainisha huko kope zikashuka kidogo, Serge akawa kama mtu anayesinzia. Wino wa rangi ulikuwa umekwisha, ukisubiriwa kutoka Kindu, kwa hiyo alichapishwa kwa mweusi peke yake. Kisha akafunikwa kwa plastiki ngumu ili mvua isimguse.

Niliipenda, niseme ukweli. Sijawahi kumwona mdogo wangu akiwa safi namna ile. Nilimfuta kwa ncha ya kitenge changu ingawa hakuwa na vumbi lolote, na machozi yakanilenga.

Mawese yangu yalikuwa bado hayajauzwa, na soko la kesho lilikuwa zuri zaidi. Lakini mama alikuwa akingoja, na kila asubuhi upenyo wake ulizidi kuwa mwembamba. Ndipo nikamwona Amisi akikaza mnyororo wa pikipiki yake chini ya mti wa soko. Amisi ni mtu wa makamo anayesafirisha watu na mizigo hadi Kabambare, akipitia Wamaza. Mtu wa swala zake, hanywi, wala hatukani abiria. Nilimkabidhi picha.

"Mufikishie Mama Jeannette wa Wamaza, karibu na kanisa," nilimwambia. "Ni mutoto wake. Macho yake haioni tena muzuri, kwa hiyo usimuachie mutu mwingine. Umuwekee yeye mwenyewe mu mikono."

Amisi aliipokea kwa mikono miwili. Aliiangalia, akainamisha kichwa. Nilipotaka kumlipa nauli alirudisha mkono wangu.

"Ya hii sitaomba kitu, mama," alisema. "Nitamufikisha muzuri."

Nilifurahi kama mjinga. Jioni nilimsimulia mwenye nyumba niliyelala kwake kwamba bado kuna watu wenye roho katika nchi hii.

Yaliyotokea njiani nilisimuliwa baadaye na Amisi mwenyewe, naye hakuficha hata moja. Alikuwa amepewa picha ya kijana mwenye koti, kope zimeshuka, mawingu nyuma yake, apelekewe mama yake. Kwetu picha kubwa ya mtu mmoja peke yake, imefunikwa plastiki, hubebwa siku moja tu. Na kwetu humwulizi mfiwa barabarani amefiwa vipi. Kwa hiyo hakuniuliza. Alikata matawi mabichi akayafunga kwenye usukani, akamfunga Serge mbele juu ya taa, akawasha taa mchana kweupe, akaenda mwendo wa taratibu akipiga honi kila kijiji. Ndivyo madereva wa pikipiki wanavyomsindikiza maiti, na wakikutana na msafara huo hawapiti tu. Wenzake waligeuza pikipiki zao wakajiunga nyuma yake, wengine na abiria wao. Wanaume walivua kofia. Wanawake waliokuwa wakianika mpunga walishika vichwa. Alipofika Wamaza, Amisi alikuwa na kundi zima nyuma yake, honi zinalia pamoja, na habari ilikuwa imetangulia kwa miguu ya watoto.

Mama alikuwa uani akipepeta mchele kwa kukisia. Alisikia honi, kisha akasikia wanawake wakianza kulia upande wa barabara, kilio kikija kikielekea kwake. Mwanvua, jirani yetu, alimshika mabega kutoka nyuma. Amisi alishuka, akapiga magoti mbele yake, akamwekea picha mikononi kama nilivyomwagiza.

Mimi nilifika kesho yake alasiri, madumu yangu matupu, chumvi na sabuni kwenye kapu. Tangu kwenye mteremko nilisikia nyimbo za kilio. Nilijua ni mama amekufa, na nikaanza kupiga mayowe kabla sijashuka kwenye pikipiki. Watu walinipokea, wakanishika huku na huku, wakaniingiza uani. Na hapo, kwenye mkeka, katikati ya wanawake wa kijiji kizima, mama yangu alikuwa ameketi mzima kabisa, kichwa kimenyolewa, akiwa na picha ya Serge mbele ya jicho lake la kulia.

Kisha nikaelewa, na hasira zikanipanda kuliko furaha.

"Nani aliwaambia Serge amekufa?" nilipiga kelele. "Nani? Serge iko muzima! Hiyo foto ni miye nilimutuma Amisi! Iko muzima, iko Lusangi, anachimba!"

Nyimbo zilikatika. Wanawake walitazamana. Mmoja alisema taratibu kwamba niletewe maji. Waliniona nimerukwa na akili kwa uchungu, na mtu wa namna hiyo kwetu hapingwi, huketishwa kivulini. Nilimsukuma aliyeleta maji. Nilipiga magoti mbele ya mama, nikamshika mikono.

"Mama, Serge hajakufa. Ni Pacifique alimuvalisha koti, ku Kasongo, mu kompyuta. Ulitaka kumuona. Njo maana nilikuletea umuone."

Mama aligusa uso wangu. Hakuwa na hasira nami hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha.

"Nimemuona, Ernestine," alisema. "Nimemuona muzuri. Walimuvalisha koti. Serge tangu azaliwe hajavaa koti."

"Mama, nisikilize..."

"Wewe njo unisikilize. Wakati baba yenu alikufa, nilikutumia mutu kule Nyangwe. Nilimuambia aseme nini?"

Nilikuwa nimeolewa Nyangwe wakati huo. Mtu alikuja akasema baba ana homa kidogo, njoo umwone. Nikanunua samaki wakubwa wa mto Lualaba nimpikie mchuzi, nikawabeba njia nzima, nikafika nikakuta udongo wa kaburi umekwisha kukauka. Hivyo ndivyo tunavyofanya. Hakuna anayetupiwa kifo usoni. Unaambiwa ni mgonjwa, kisha ni mgonjwa sana, kisha unafika. Mama ndiye aliyenidanganya siku ile, kwa kunipenda, nami nilimshukuru.

"Nilikuambia iko na homa, juu usianguke mu njia," mama aliendelea. "Sasa unaniambia Serge iko muzima, juu miye nisianguke. Asante, mutoto wangu. Uko mutoto muzuri. Lakini miye ni muzee, nimezika watu."

Kadiri nilivyoapa ndivyo alivyonipapasa mgongo.

Watu wengine hawakuwa wagumu kama yeye. Usiku haujaingia, vijana walikuwa wamepanda kilima na simu, wakarudi wakikimbia: Serge amepokea! Tulimkalisha mama kwenye kiti, wanaume wanne wakambeba mpaka juu, kijiji kizima nyuma yake, nusu wanacheka nusu bado wana machozi. Nilimwekea simu sikioni nikaifungulia sauti.

"Mama, ni miye njo Serge," simu ilisema. "Nani alikudanganya? Miye niko."

Sauti ilikuwa nzito, imekwaruzika, na katikati ya maneno alikohoa sana. Mimi nilikwisha kuizoea. Vumbi la mawe lilikuwa limeiingia kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, na mimi ndiye niliyekuwa nikipanda kilima kuzungumza naye. Mama alikuwa akipewa salamu tu. Alisikiliza mpaka mwisho, kichwa ameinamisha.

"Mutoto wangu alikuwa anaimba ku kwaya," alisema, akinirudishia simu. "Huyu ni mutu muzima. Mumuambie asante, amejaribu muzuri. Na munishushe, niko na baridi."

Hakuna aliyecheka wakati wa kushuka.

Matanga yalivunjika vibaya. Watu walijua sasa kwamba Serge yuko hai, na nani anaweza kukaa mkekani kumlilia mtu aliye hai? Walikusanya vyungu vyao mmoja mmoja, wakaaga kwa sauti ndogo, wakapita upande wa nyuma. Mwanvua alikaa mpaka mwisho, kwa ajili ya mama wala si kwa ajili ya msiba. Mama alisikia uwanja ukipoa.

"Wananiacha mapema," alisema. "Ya baba yenu walikaa. Serge aliwafanyia nini?"

Nilimwendea Amisi barabarani nikamtukana mbele ya wenzake matusi ambayo sitayaandika. Hakujitetea. Alivua kofia yake, akaishika mikononi, akasema, "Nilimusindikiza kama mutoto yangu, mama," na akalia. Niliondoka kabla sijayamaliza matusi yangu. Ningemlaumu kwa nini, kwa kuwa na heshima? Pacifique naye nimlaumu kwa kumtoa mtu matopeni? Nilitafuta mtu wa kumchukia mpaka nikachoka, na sikumpata.

Serge aliahidi kuja mara moja. Kisha mvua zikaharibu barabara, kisha shimo lao likajaa maji, kisha akawa anaumwa. Nilimkaripia kwenye simu mpaka wakulima waliokuwa chini ya kilima wakawa wananisikia. Katika miezi hiyo jicho la kulia la mama lilifunga. Hakulalamika. Aliniambia asubuhi moja kwamba kumekucha na hapakuwa na mwanga, kwa hiyo alidhani ndiyo basi. Picha alikuwa nayo mpaka siku hiyo ya mwisho, akiiangalia kwa zamu, paji la uso, kisha mdomo, kisha mawingu. Baadaye aliiweka chini ya godoro, hakuitoa tena.

Siku Serge alipoingia uani, mimi mwenyewe nilimpita. Nilimdhania msafiri anayeomba maji. Alikuwa amekonda, mabega yameinama, mvi chache mbele. Aliponiita "yaya", dada mkubwa, ndipo nikamrukia shingoni. Nilimkung'uta, nikamtukana, nikambusu, nikamshika mkono nikamvuta ndani.

"Mama! Amekuja! Mushike, mushike mwenyewe!"

Serge alipiga magoti mbele ya kitanda akiwa analia, na kile kilio kikamletea kikohozi, akashindwa kusema. Mama alinyoosha mikono. Alipapasa kichwa, akapapasa mashavu yaliyobonyea, na nilimwona akisita. Ilibaki kidogo tu amtambue. Kisha akateremka kwenye mikono yake, akaishika, akaanza kugusa kidole kimoja kimoja. Mkono wa kulia haukuwa na kidole cha shahada. Jiwe lilikichukua huko shimoni, na Serge hakutuambia hata siku moja, ili tusiwe na wasiwasi.

Mama alirudi tena pale palipokuwa na pengo, akapagusa taratibu kwa gumba lake.

"Pole," alisema. "Ulikuwa unachimba naye?"

"Mama, njo miye. Njo Serge."

"Najua walikutuma useme vile. Ernestine hachoki." Alitabasamu kidogo, akaendelea kumshika mkono. "Umetoka mbali kuja kunililia mutoto wangu. Mungu akubariki. Ernestine, mupatie mugeni chakula."

Serge alinitazama. Nilifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu haukuwa na neno ndani yake.

"Na wewe mama yako iko?" mama alimwuliza.

Machozi yalimdondoka mikononi mwake yeye na mwa mama, na mama akayafuta yote kwa upande wa kitenge.

"Iko," akajibu mwishowe.

"Basi usikawie hapa," mama alisema. "Kula, ulale, kesho umuendee. Angalau yeye akuone."